Wasomaji Wauliza: Wa Mwisho Naye Amelipa

Mwezi uliopita tuliwaomba mtuletee maswali kuhusu mbio za barabarani, hizi za kilometa 5, 10, 21 na 42 ambazo siku hizi karibu kila wikiendi zipo mahali. Anayewajibu si kocha wala bingwa. Ni fundi cherehani wa Tabata, Dar es Salaam, mama wa watoto watatu, mwenye miaka 51. Alianza kukimbia mwaka 2014, na mbio zake za kilometa 21 alizokimbia kwa kasi kuliko zote alitumia saa 2 na dakika 31.

*Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu hapa Mwanza, nina miaka 46 na kilo 98. Wenzangu kazini wamenisajili mbio za kilometa 21, zimebaki wiki sita. Sijakimbia tangu mchakamchaka wa shuleni. Maumivu siyaogopi. Naogopa aibu ya kuwa wa mwisho mbele ya watu wa ofisini. Nifanyeje?*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na usiloniuliza. Kabla hujanunua hata soksi, nenda kapime presha na sukari, na umweleze daktari unachotaka kufanya. Mimi mwenyewe niliingia kwenye kukimbia kwa mlango huo. Nilimpeleka mwanangu zahanati ana homa, muuguzi akaona ninavyohema kwa kupanda ngazi nane tu, akanifunga kipimo mkononi. Alikitazama, akanifunga mara ya pili, kisha akamwita mwenzake. Kazi yangu ni kukaa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi, mguu ndio unaotembea, na wenyewe unatembea juu ya pedali.

Wiki sita hazitoshi kilometa 21 kwa mwili uliokaa miaka 30. Waombe waandaaji wakuhamishie kwenye kilometa 5, au 10 ukijiona umejikaza. Wengi hukubali kama hujachelewa mpaka siku ya kuchukua namba. Kisha fanya mazoezi siku tatu kwa wiki, si saba. Tembea harakaharaka dakika nne, kimbia moja, rudia kwa nusu saa. Wiki inayofuata tembea tatu, kimbia mbili. Kipimo cha kasi unacho mdomoni: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza. Mimi na shoga yangu tulikuwa tunahadithiana mambo ya mtaani tangu Tabata Bima mpaka Segerea. Siku hadithi ikikatika, tunajua tumezidisha.

Sasa hiyo aibu. Nimekuwa wa mwisho, mdogo wangu, na nitakusimulia.

Ilikuwa mwaka 2016, mbio za kilometa 21, mkoa mmoja nisioutaja. Nilikuwa nimejiandaa miezi minne. Tulianza saa 12 na nusu asubuhi, na nikafanya kosa wanalofanya wote: ilipopulizwa filimbi niliondoka na kundi, nikakimbia kilometa tatu za kwanza kwa kasi ambayo haikuwa yangu. Kufika ya 14 miguu ilikuwa imeisha. Nikawa natembea, nakimbia, natembea. Jua lilikuwa limeshapanda, na koo limekauka kiasi kwamba nikimeza mate nasikia kama nameza uzi.

Kwenye kilometa ya 17 nikaiona meza ya maji kwa mbele. Nilipokaribia nikaona meza imekunjwa. Kijana mmoja anapakia katoni kwenye kirikuu, katoni zenye maji, nayaona kwa macho yangu. Nikamwambia, mwanangu, nipe moja. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, tumeshafunga hesabu, watu wamekwisha." Nikatazama kifua changu. Namba ilikuwa bado imebanwa na pini zake nne. Nikamwuliza, mimi ni nani basi? Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa ameambiwa funga, amefunga. Kirikuu ikaondoka.

Aliyeninywesha ni mama aliyekuwa anauza kahawa na kashata kando ya barabara. Alichota maji kwenye ndoo yake ya kuoshea vikombe, akatazama, akayamwaga, akafungua dumu la maji ya kunywa akanijazia kikombe cha kahawa, kile kidogo. Nikanywa vikombe tisa. Hakutaka hela. Mpaka leo nikikumbuka mbio zile sikumbuki mshindi alikuwa nani, namkumbuka yule mama anavyoinama na kuinuka mara tisa.

Nilipofika uwanjani walikuwa wanatoa upepo kwenye tao la kumalizia, limelala upande mmoja. Mkeka wa kurekodi muda ulishakunjwa, kwa hiyo chipu ya kupimia muda niliyovaa kilometa 21 haikusoma chochote. Medali zimekwisha, nikaambiwa waliobaki na medali mbili mbili ni watu wa waandaaji wenyewe. Ada niliyolipa ilikuwa ileile aliyolipa mshindi.

Basi nakuambia hivi: siku ile mimi sikuona aibu. Niliona uchungu. Aibu ilikuwa ya waliokunja meza. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria vizuri mzee wetu John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye wa 57. Alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3:25:27, giza limeshaingia. Sote tunalijua jibu lake, kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Tunamsifu, na anastahili. Lakini mimi nawafikiria pia wale watu elfu chache waliokuwa bado wamekaa kwenye viti, waliompigia makofi anavyochechemea. Wangekuwa wamefunga geti, Akhwari angemalizia wapi?

Kwa hiyo ukitaka kujisajili popote, piga simu uulize mambo mawili. Muda wa mwisho wa kufunga ni saa ngapi? Na meza za maji zinaondoka lini? Wakikujibu "tutaona siku hiyo", usiwape hela yako. Ukiwa wa mwisho penye watu wanaokungoja, ofisi nzima itakupokea kwa vigelegele. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko yale ya kirikuu, ndiyo maana bado nakimbia.

*Mama, shikamoo. Naitikia wito wa jogging na wenzangu wa Chuda, Tanga. Navaa hijabu na sitaki kuivua, ila jasho linanimaliza na hijabu inanikaba. Pia naomba uniambie: siku zangu zikiangukia siku ya mbio, nikimbie au nikae? Nina miaka 23.*

Marahaba mwanangu. Hapa umegonga mlango wa fundi mwenyewe.

Tatizo ni kitambaa. Pamba tunaisifu kwa kulalia, lakini ikinywa jasho hailiachii. Ukifika kilometa ya tano umebeba kichwani kitambaa kizito kama kilichotoka kwenye beseni. Nunua kitambaa cha jezi, kile chenye vitundu vidogo vidogo wanavyoshonea timu za mpira. Mita moja inatosha hijabu fupi inayofunika kifua. Kabla ya kukata kifue na ukikamue juu ya shuka jeupe: kikitoa rangi kwenye shuka, kitatoa na shingoni kwako. Kata kipande cha uso kimoja kisichokuwa na mshono chini ya kidevu, maana mshono wa hapo ndio unaokukaba. Mbele ya paji weka lastiki ya sentimeta moja, si ile nyembamba inayochora ngozi. Nyuma acha nafasi ya mkia wa nywele. Pini usitumie hata moja. Ukianguka na pini shingoni ni balaa.

Suruali iwe ya kubana, juu yake sketi ya magotini ya kitambaa hichohicho, yenye mpasuo pande zote mbili mpaka nusu ya paja. Mshono wa ndani ya mapaja ndio adui mkubwa. Mwambie fundi wako asiuache umesimama, aulaze na aushone juu yake mara ya pili uwe bapa. Nimeshonea wenzangu hivyo tangu 2017, na michubuko wamesahau. Na paka mafuta mazito ya mgando mapajani, kwapani na chini ya sidiria. Sidiria yenyewe iwe ya mazoezi. Hii usibane hela.

Usisahau mfuko. Nashona mfuko mdogo kiunoni, nyuma katikati, wa kukaa ufunguo, noti ya elfu tano na pakiti ya chumvi za maji, zile za ORS. Ubavuni simu inagongagonga nyonga mpaka unachoka nayo kuliko mbio.

Na siku zako zikifika, kama huumwi tumbo la kukulaza, kimbia. Vaa suruali nyeusi, badilisha pedi dakika za mwisho kabla ya kuanza, na nyingine iweke kwenye huo mfuko, ndani ya nailoni ndogo. Unywe chai yako ya tangawizi, uende. Nimemaliza mbio mbili katika hali hiyo, moja ikiwa ya 21.

*Viatu vya kukimbilia dukani ni laki mbili na kuendelea. Mitumba inafaa? — Dereva, Morogoro*

Inafaa ukijua kuchagua, na mimi vyangu vyote vya miaka sita ya kwanza vilitoka soko la mitumba la Karume. Kiatu cha kukimbilia hakifi juu, kinafia katikati, kwenye lile sponji la soli. Juu kinaweza kung'aa kama kipya na ndani kimeshalala. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, kirudishe. Bonyeza sponji kwa kidole gumba pale kisiginoni. Likiwa gumu, au limejaa mikunjo kama paji la mzee, limekwisha. Kisha kishike ncha na kisigino ukipinde. Kijikunje kwenye vidole, si katikati ya unyayo.

Nenda kununua jioni, miguu imevimba, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na uache upana wa kidole mbele ya dole gumba. Nilipuuza hilo, nikapoteza kucha mbili. Kiatu kipya kabisa huenda kilometa 500 hadi 800. Cha mtumba hujui kimeshatembea ngapi, kwa hiyo magoti yakianza kuuma bila sababu, shuku kiatu kwanza.

*Dada, tumejipanga watu wanne kwenda Moshi kukimbia Kili nusu marathoni. Sisi ni wa Dodoma, mazoezi yetu ni tambarare. Tunasikia kuna kilima kinaitwa Mweka. Ni kweli kinatisha hivyo? — Wauguzi wanne*

Ni kweli, na ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupanda kwa miguu yangu. Nimekwenda mara tano.

Mbio hizo hufanyika Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, na joto la Moshi miezi hiyo mnalijua. Mnaanzia na kumalizia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kwa kilometa 21 mpango ni rahisi kuueleza: mnapanda, mnageuka, mnashuka. Kutoka kama mita 830 juu ya usawa wa bahari mpaka karibu 1,150. Wale wa 42 wenzetu ndio wa kuwahurumia, maana wao kwanza hukimbia tambarare ya barabara ya kwenda Dar es Salaam, jua likishawaka ndipo wanaanza kuupanda.

Mweka haukurukii kwa kishindo. Unainuka polepole, na ndiyo hila yake. Mwaka wangu wa kwanza sikujua kama napanda. Nilidhani nimeamka vibaya, nikawa najiuliza mbona pumzi haikai. Nilipogeuza shingo ndipo nikaona mji wote uko chini yangu.

Hivyo basi: anzieni nyuma ya kundi kabisa. Chipu haianzi kuhesabu kwa filimbi, inaanza unapokanyaga mkeka, hamna mnachopoteza. Kilometa nne za kwanza endeni taratibu mpaka mjionee wenyewe mnazembea. Kilima kikizidi, tembeeni, lakini mtembee kwa makusudi: hatua fupi, mikono inafanya kazi, macho mita kumi mbele, si juu kileleni. Mimi hukimbia nguzo mbili za umeme, natembea moja. Wanaonipita wakikimbia kilometa ya tano, nawakuta kwenye ya nane wameshika viuno.

Na inueni vichwa. Mkianza mapema Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, inakuwa wazi, nyeupe, iko mbele ya pua. Saa tatu mawingu yanaifunika, na anayekimbia ameinamisha kichwa anarudi Dodoma hajauona mlima. Juu huko mnaingia kwenye migomba na kahawa, kivuli kinashuka, hewa inanukia udongo uliolowa. Watoto wanajipanga kando kando wamenyoosha viganja, kila kiganja kinataka kupigwa. Mabibi wamevaa kanga wanapiga makofi na kuwaita. Mwaka 2019 bibi mmoja alinishika mkono tukatembea pamoja hatua kama ishirini, yeye na ndala zake, ananiambia kwa Kichaga maneno ambayo sikuyaelewa isipokuwa moja. Tulipoachana nilimwambia "Aika", yaani asante, naye akacheka sana. Kitambo hicho miguu haikuniuma.

Kushuka ndiko kunakoumiza, wauguzi wangu. Wote wanafurahi wakigeuka, wanafungulia miguu, na kesho yake hawawezi kukaa chooni. Mapaja yanafanya kazi ya breki kwa kilometa kumi. Fupisheni hatua, kanyageni chini ya mwili, msitupe mguu mbele. Huko Dodoma kuna vilima vingi vya mawe. Tafuteni chenye njia, mara moja kwa wiki mpande na mshuke, na mkazo uwe kwenye kushuka.

Kuhusu maji, nyinyi mnaijua damu kuliko mimi, lakini nimewaona hata watu wa afya wakilewa maji. Wanakunywa chupa kila meza kwa hofu, chumvi inapungua mwilini, kichwa kinauma, wanatapika, wengine wanachanganyikiwa. Kunyweni kwa kiu. Mimi hubeba chumvi za maji. Usiku wa kuamkia mbio nachanganya pakiti moja kwenye lita moja kama inavyoelekezwa, nusu nainywa usiku, nusu alfajiri. Asubuhi nakula ndizi mbivu mbili na kipande cha mkate, saa mbili kabla. Kitu kigeni sigusi, hata kikiwa cha bure.

*Rafiki yangu amepata safari, ananiuzia namba yake ya mbio kwa nusu bei. Kuna ubaya? — Mwanafunzi wa chuo, Arusha*

Upo. Ile namba si tiketi ya basi. Jina, umri na simu ya ndugu wa kupigiwa vimeandikwa kwa aliyejisajili. Ukianguka kilometa ya 12, gari la wagonjwa litampigia mama yake rafiki yako, atalia kwa mtoto aliye salama, na wako atakuwa hajui kitu. Waombeni waandaaji wabadilishe jina. Wakikataa, iache.

Na namba yako halali ikifika mkononi, igeuze. Nyuma andika kwa kalamu isiyofutika: jina kamili, simu ya mtu anayepokea simu kweli, ugonjwa ulio nao, dawa unazotumia. Mimi naandika "PRESHA" kwa herufi kubwa.

*Mke wangu amejiunga na jogging. Anaamka saa kumi alfajiri mara tatu kwa wiki. Siyo kwamba namkataza, lakini majirani wanasema maneno, na mimi usingizi unakwisha mpaka arudi. Nimwambieje? — Mume, Mbagala*

Kaka yangu, asante kwa kuandika kwa unyoofu. Maneno ya majirani yatakwisha. Mimi yalinichukua miezi mitatu, kisha mmoja wa wasemaji akaja kibandani kwangu kupima suruali ya kukimbilia.

Lakini hofu yako ni ya haki, wala usiione ni wivu. Alfajiri barabara ina bodaboda zisizowasha taa, ina mbwa, ina watu wabaya. Mwanamke asikimbie peke yake saa hiyo, na hilo nasema bila kupindisha. Mwulize anakimbia na nani, kundi lina watu wangapi, wanapita wapi. Akimbie upande wa kulia wa barabara, ili magari yanayokuja ayaone usoni. Mwekee kitambaa kinachong'aa mgongoni na vifundoni.

Halafu fanya alichofanya mume wangu. Mwanzoni naye alikuwa halali. Siku moja akasema, kama nakesha, bora nikeshe barabarani. Akachukua baiskeli ya mtoto, akaniandama mpaka Kinyerezi, dumu la maji kwenye kapu. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani akapika chai yeye. Wiki iliyofuata akaja tena, na sasa ni miaka saba, yeye ndiye anayebeba maji ya kundi zima. Kukimbia hajakimbia hata mita moja, na wala hatujamwomba.

*Nina miaka 17, kidato cha tatu, Singida. Nataka kuwa kama Simbu. Mwaka huu nikimbie 42?*

Hapana, mwanangu. Una haki ya kuota ndoto hiyo, maana Alphonce Simbu ni wa huko kwenu, na tarehe 15 Septemba 2025 pale Tokyo alituletea dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, saa 2:09:48, amelingana muda na Mjerumani Amanal Petros na kumshinda kwa kifua tu. Niliitazama kwenye simu kibandani, mteja kasimama anangoja gauni, tukapiga kelele wote wawili. Lakini angalia safari yake: shaba ya London aliipata 2017, na dhahabu ikaja miaka minane baadaye. Mifupa yako bado inakua. Kimbia mita 1,500, 3,000 na 5,000, ingia UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mtafute mwalimu wa michezo akuone. Kasi inajengwa sasa, umbali utaukuta.

*Sisi ni kamati ya parokia, tunaandaa mbio za hisani za kilometa 10 kukarabati zahanati. Tunatarajia watu kama 300. Hatujawahi kuandaa. Tuanzie wapi?*

Tumsifu Yesu Kristo. Swali hili nililingoja.

Anzeni mwishoni. Kamati nyingi huanza na tao, muziki, mgeni rasmi na tisheti, na mambo ya nyuma wanayaachia vijana wa kujitolea ambao hawajaelezwa kitu. Nyinyi kwanza mtafuteni mtu mmoja mwenye baiskeli na subira. Kazi yake ni moja: kuwa nyuma ya mkimbiaji wa mwisho tangu filimbi mpaka mwisho. Hampiti, hamharakishi, wala hamwambii "jitahidi mama, tunafunga". Ana simu, ana maji, ana sukari kidogo. Nyuma yake liwepo gari la kuwabeba walioshindwa. Na amri kwa meza zote iwe fupi: hakuna anayekunja meza mpaka baiskeli hiyo imepita. Iandikeni kwenye karatasi, ibandikeni juu ya meza. Kijana wa kirikuu angekuwa na karatasi hiyo, angenipa maji.

Kilometa 10 zinataka meza tatu, moja kila kilometa mbili na nusu hivi, na kama ni jua kali ongezeni moja kilometa ya tisa. Jazeni vikombe nusu, mtu anayekimbia hawezi kunywa kilichojaa. Meza iwe ndefu, wa kwanza wachukue mwisho wake, ili mwanzoni pasiwe na msongamano. Maji ya watu 300 gaweni kwa meza kabla, na kila meza itenge katoni mbili chini, zisiguswe mpaka waliopita wamefika 200.

Medali ziwe sawa na waliolipa, na zikae na mtu mmoja mwenye orodha, anatia alama kila anapomvika mtu. Zikitapakaa mikononi mwa watu kumi, za mwisho zitakwenda kwa watoto wa wakubwa. Umbali msipime kwa mita ya gari. Tafuteni gurudumu la kupimia la mafundi wa barabara, mpite kwenye njia fupi kabisa ya kona kama mkimbiaji atakavyopita. Askari wa usalama barabarani mwombeni barua mapema, na mkikubaliana barabara ifunguliwe saa fulani, waliobaki waelekezwe kwenye njia ya waenda kwa miguu, wasifukuzwe. Vyoo vya wanawake viwe mara mbili ya vya wanaume.

Mgeni rasmi naye mwambieni mapema kwamba hotuba haianzi mpaka baiskeli imefika. Akiuliza kwa nini, mwambieni zahanati inajengwa na hela za wote 300.

Nitumieni tarehe na mahali pa kuanzia kupitia ofisi ya gazeti hili. Sitajisajili kukimbia. Nipeni meza ya mwisho, ile ya kilometa ya tisa, nitakuja na mume wangu na dumu letu.